Waya Uliochomoka Dakika ya 93

Usiku wa Jumatano, tarehe 17 Aprili 2019, kwa muda wa dakika nne hivi, Manchester City waliwatoa Tottenham, wale Spurs, wakaingia nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Pale Tandika, Dar es Salaam, kwenye banda umiza la mjomba wangu, la kuonyeshea mpira, hakuna aliyekuwa na shaka. Tulishakumbatiana, wa kulia walishalia, na pesa ya dau ilishatoka mfukoni mwa mjomba.

Nilikuwa na miaka 19. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na kopo la kiingilio: shilingi 500 siku za kawaida, 1,000 siku ya mechi kubwa. Usiku ule ilikuwa 1,000. Banda lilikuwa la mabati juu na maturubai ubavuni, na runinga mbili mbele, kila moja na king'amuzi chake, kwa sababu saa nne ileile Liverpool nao walikuwa Ureno wakicheza na Porto. Runinga zote mbili pamoja na feni zilikula umeme kwenye ekstensheni moja. Naikumbuka ile ekstensheni kuliko sura za watu wengi waliokuwemo. Ilikuwa nyeupe imegeuka rangi ya chai, plagi yake imezungushiwa utepe mweusi maana ilikuwa inacheza, na waya wake ulipita chini ya benchi la mbele. Mjomba alikuwa akisema kila wiki kwamba atanunua nyingine.

Watu waliokuja walikuwa na machungu yao. Jumamosi iliyotangulia Simba walikuwa wamefungwa 4-1 na TP Mazembe kule Lubumbashi, wakatolewa robo fainali ya Afrika, na nusu ya banda lile lilikuwa Simba. Walikuja kutafuta faraja ugenini. Wengi wakajipa City kwa usiku mmoja tu.

Mimi sikuwa City wa usiku mmoja. Nimeanza tarehe 13 Mei 2012, nikiwa shule ya msingi, nimekaa chini kwenye sakafu ya banda hilohilo, pale Aguero alipowafunga QPR dakika ya 93 na City wakachukua ubingwa wa Uingereza. Mjomba alininyanyua juu mpaka kichwa kikagusa bati. Tangu siku ile, kwangu dakika ya 93 ni dakika ya Aguero. Hili mlishike, maana ndilo lililoniumiza.

Mechi ya kwanza kule London Spurs walikuwa wameshinda 1-0, Aguero akiwa amekosa penalti. Marudiano yakaanza kama watu waliomwagiwa upupu. Dakika ya nne Sterling wa City. Dakika ya saba Son wa Spurs. Dakika ya kumi Son tena. Ya kumi na moja Bernardo Silva wa City. Ya 21 Sterling tena. Mabao matano kabla hata muuza karanga hajamaliza kuzunguka mabenchi. Watu wa Liverpool wakageuza viti vyao, wakaiacha Porto ijichezee peke yake. Kipindi cha pili, dakika ya 59, Aguero akapiga la nne la City, na kwa hesabu ya jumla City wakawa mbele.

Hapo ndipo dereva mmoja wa bodaboda, City kwelikweli, alipowekeana dau la shilingi 20,000 na fundi cherehani, ambaye alikuwa shabiki pekee wa Spurs niliyepata kumjua Tandika nzima. Fundi ni mtu mpole. Alitoa noti mbili za elfu kumi akampa mjomba ashike, boda naye akatoa zake.

Dakika ya 73 ikapigwa kona, mpira ukamgonga Llorente wa Spurs ukaingia. Refa, Mturuki, akaitwa na watu wa VAR, marefa wanaohakiki kwa video, aende akaangalie mwenyewe kwenye runinga ya pembeni ya uwanja. Wengi wetu VAR tulikuwa tumeiona Kombe la Dunia mwaka uliopita, na kwenye Ligi ya Mabingwa ilikuwa imeanza Februari ileile. Lakini kuiona ikiwa imeshika roho ya timu yako ni jambo jingine. Banda lilinyamaza, ukasikia feni. Mpira umegonga nyonga, wanasema hawa. Umepita kwenye mkono kwanza, wanasema wale. Refa akarudi, akaonyesha kati. Bao. Hesabu ya jumla 4-4, Spurs wanapita kwa mabao ya ugenini, maana kwa kanuni ya siku zile mkilingana aliyefunga mengi ugenini ndiye anayepita.

Kisha dakika za nyongeza. Eriksen wa Spurs alikuwa na mpira karibu na katikati, akataka kuurudisha nyuma, ukaenda kusikotakiwa. Mara Aguero anao. Akampa Sterling. Sterling akamhadaa beki, akapiga.

Siwezi kueleza vizuri kilichotokea. Benchi la mbele liliinuka lote kwa pamoja, likaanguka lote kwa pamoja. Picha ya mwisho niliyoiona ni Guardiola, kocha wa City, anakimbia pembeni ya mstari kama mtoto aliyefunguliwa shule. Halafu giza. Runinga mbili, feni, vyote. Benchi lilikuwa limeuvuta waya na plagi imetoka ukutani.

Hakuna aliyejali. Tulitoka nje na kelele zetu. Mjomba, ambaye hajawahi kutoa pesa ya mtu kabla ya filimbi ya mwisho, alimkabidhi boda shilingi 40,000 zote palepale gizani, na boda akavuka barabara kwenda kwa muuza chipsi akiwa anapiga kelele kwamba leo wanakula wote. Nikaenda kwa fundi cherehani kumpa pole. Alikuwa amekaa palepale alipokuwa, mikono kwenye magoti. Akaniambia, "Haya ndiyo mambo ya mpira, mdogo wangu."

Wenye king'amuzi mnajua. Ukikizima ghafla hakirudi kama taa. Kinawaka, kinawaza, kinatafuta mawimbi, kinahesabu asilimia. Nilirudisha plagi mwenyewe, nikaikandamiza kwa tofali. Runinga ya kushoto ilipoamka, watu wengi walikuwa wamesharudi ndani wakila chipsi kwenye mifuko ya nailoni.

Tukaona wachezaji wa Spurs wamerundikana wanarukaruka. Tukaona wa City wamelala chini. Pale juu kwenye kona imeandikwa 4-3.

Mtu mmoja akasema king'amuzi kinaonyesha picha za zamani. Mwingine akasema kamera zimechanganya, hao ni City wamevaa jezi za ugenini. Nakumbuka niliitazama ile 4-3 nikisubiri igeuke. Niliamini kabisa kwamba itageuka. Nilikuwa na kopo la pesa mkononi na sikuwa najua nimelishika.

Fundi cherehani ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya chini: "Wamelikataa."

Ugomvi uliofuata ulikwenda mpaka saa saba na nusu usiku. Refa kahongwa, hilo lilisemwa na halikupata wa kulishikilia muda mrefu. Lililoshikiliwa ni lile la sheria ya kuotea, yaani ofsaidi, kuwa karibu na goli kuliko mabeki wakati mwenzako anakupa mpira, maana marudio yalipoonyeshwa kila mtu aliona mpira unatoka kwa Eriksen, na Eriksen ni Spurs. Boda alisimama juu ya benchi, mfuko wa chipsi bado mkononi: "Mpira katoa mpinzani! Adui akikupa mpira huna ofsaidi! Hiyo ipo tangu tunacheza chandimu!" Na nusu ya banda ikaitikia, mimi nikiwemo, kwa nguvu zangu zote.

Palikuwa na mzee wa kahawa. Kila usiku wa mpira aliingia na birika lake la shaba na ndoo ya vikombe, halipi kiingilio, mjomba hamdai. Zamani aliwahi kushika kibendera kwenye ligi za wilaya. Alisubiri kelele zipungue, akamwambia boda ateremke, akapangusa benchi kwa kitambaa. Akaweka kikombe kimoja: "Eriksen." Cha pili, karibu yake: "Bernardo." Cha tatu mbele zaidi: "Aguero." Akaweka na vingine viwili vya mabeki, kimoja nyuma kidogo ya Aguero. Halafu akatoa kashata, akamega pembe, ndiyo ikawa mpira.

Akaisukuma ile pembe kwa kidole kutoka kikombe cha kwanza. Ikagonga cha pili, tukasikia kale kamlio. Ikaendelea mpaka cha tatu.

"Msiniambie nani kaanza," alisema. "Niambieni nani kagusa mwisho kabla haujamfika Aguero."

"Bernardo," mtu mmoja akajibu.

"Bernardo ni wa nani?"

Palikuwa kimya. Akarudia tena, polepole, na alipofika pale kamlio kalipolia akasimamisha kidole. "Hapa. Saa hii hii ndiyo mnamwangalia Aguero yuko wapi. Si alipotoa Eriksen, si alipopokea yeye. Hapa." Akachukua kijiti cha kibiriti akakilaza mbele ya kikombe cha beki kuonyesha mstari. Kikombe cha Aguero kilikuwa kimeupita kwa unene wa ukingo wake tu.

"Na mshika kibendera mbona hakuinua?" boda akauliza, sasa kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Siku hizi wanaambiwa wasubiri. Akiinua mapema na kumbe hakuotea, bao limekufa na mashine haiwezi kulifufua. Anaacha liishe, kisha wanaangalia."

Nilikuwa City, na nasema mbele yenu: uamuzi ulikuwa sahihi. Nimeirudia ile picha mara nyingi sana tangu siku ile na Aguero ameotea. Hata lile la Llorente, kwa sheria ya wakati ule mkono ulitakiwa uwe wa makusudi, na makusudi hayakuwepo. Juni ya mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, bao la mfungaji aliyeguswa na mpira mkononi likawa halikubaliki hata kwa bahati mbaya. Lingefungwa miezi miwili baadaye, watu wa mkono wangekuwa na hoja nzito.

Lakini dada wa karanga, ambaye usiku kucha hakuwa amesema neno, aliuliza swali ambalo mzee wa kahawa hakuwa na vikombe vya kulijibia. "Sasa kama bao halikuwepo, wale waliojaa uwanjani, nani aliwaambia kwa nini? Sisi waya ulichomoka. Wao je?"

Hapo ndipo ninaposimama hadi leo. Watu walionunua tiketi wakakaa Etihad, uwanja wa City, walishangilia kama sisi, wakanyang'anywa kama sisi, na hawakuwa na mzee wa kuwapangia vikombe. Waliona maandishi kwenye skrini kubwa na basi. Sina ugomvi na kuhakiki, nataka mpira uwe na haki. Ninachodai ni kwamba aliyekatiwa furaha yake aambiwe kosa ni nini na liko wapi, papo hapo, kwa maneno. Mwaka 2023, kwenye Kombe la Dunia la wanawake kule Australia na New Zealand, nilimsikia refa akizungumza kwenye kipaza sauti kuutangazia uwanja uamuzi wa VAR. Nilisimama peke yangu sebuleni. Nilimfikiria dada wa karanga.

Wiki sita tu baada ya usiku ule, tarehe 31 Mei, yakatokea ya Radès, Tunisia, fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Espérance ya Tunisia na Wydad ya Morocco. Kichwa cha El Karti wa Wydad kikakataliwa kwa kuotea, Wydad wakadai kiangaliwe kwenye VAR, na VAR ilikuwa haifanyi kazi. Waligoma kuendelea na mechi ikafia pale. Yule boda, aliyekuwa ameilaani mashine kwa wiki sita, alikuja bandani siku iliyofuata akiuliza mbona hawakuitengeneza.

Deni lake na fundi lilikuwa bado. Zile 40,000 zilishakuwa chipsi, tulizila wote, na mjomba alitaka kulilipa yeye kwa sababu ndiye aliyezitoa kabla ya filimbi. Fundi alikataa pesa ya mjomba. Wakakubaliana boda amlipe kwa safari: fundi alikuwa akienda Kariakoo kununua vitambaa na vifungo, na kila safari ikahesabiwa 2,000 ya deni. Nilikuwa nikiwaona asubuhi wakipita mbele ya banda, fundi nyuma amekumbatia mfuko, boda amegeuza shingo anasema naye, na fundi anautoa mkono mmoja kwenye mfuko kuchora mstari hewani, kuonyesha bega la Aguero lilikuwa wapi.