Kiangazi cha Kwanza cha Mche wa Mbaruti

Mimea iliyo hatarini kutoweka mara nyingi huhesabiwa ikiwa imechanua, kwa sababu ndipo inapoonekana kwa urahisi. Kwa mbaruti wa Pitcher, mmea wa miiba wa jamii ya alizeti unaoota kwenye matuta ya mchanga kando ya Maziwa Makuu, yale ya Amerika Kaskazini, nadhani hesabu ya namna hiyo hutufariji bila sababu.

Mmea huu, Cirsium pitcheri kwa jina la kitaalamu, ulipewa jina la Zina Pitcher, daktari wa jeshi ambaye baadaye alikuwa meya wa Detroit. Marekani iliuorodhesha miongoni mwa spishi zilizo hatarini mwaka 1988. Huishi miaka kadhaa, kwa kawaida mitano hadi minane, ukiwa fungu la majani ya kijivu yaliyolala mchangani, kisha huchanua mara moja tu, hutoa mbegu na kufa. Hauzaliani kwa mizizi inayotambaa, hivyo kila mmea mpya lazima utokane na mbegu, na nyingi kati ya hizo huanguka mita chache tu kutoka kwenye mmea mama. Miche yote ya mwaka mmoja ikifa, hasara hiyo haionekani upesi. Pengo hujitokeza miaka sita au saba baadaye, maua yaliyotarajiwa yanapokosekana.

Mbegu huhitaji baridi na unyevu wa kipupwe ndipo ziweze kuota. Zikishaota, mzizi huanza kushindana na ukavu. Mchanga haushiki maji: siku chache bila mvua hutosha kukausha tabaka la juu, ilhali chini yake bado kuna unyevu. Mmea mkubwa, wenye mzizi mkuu unaoweza kushuka karibu mita 2, huvumilia, lakini mche wenye majani machache uko juu ya mchanga ambao mchana wa Julai unaweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi. Hata katika mwaka wa kawaida, miche mingi haivuki kiangazi hicho.

Kwa hiyo mabadiliko ya tabianchi hayahitaji kuleta janga jipya. Kurefusha vipindi vya ukavu kunatosha. Joto likipanda, maji huvukizwa haraka zaidi, na mvua za eneo hilo zinazidi kunyesha kwa vishindo. Jumla ya mvua ya mwaka inaweza hata kuongezeka na mche bado ukafa, kwa kuwa maji ya dhoruba moja huzama upesi mahali ambapo mzizi wake haujafika, na wiki zinazofuata zikawa kavu.

Ziwa lenyewe nalo limekuwa halitabiriki. Januari 2013 maji ya Ziwa Michigan na Ziwa Huron yalishuka kuliko wakati wowote uliorekodiwa. Kufikia 2020 yalikuwa yamepanda zaidi ya mita moja na nusu, na mawimbi yakamega ufuo na matuta. Barafu, ambayo hukinga ufuo dhidi ya dhoruba za kipupwe, inapungua. Hata hivyo, mbaruti huu hauwezi kuishi bila mchanga unaosogea, maana tuta likitulia kabisa, nyasi na vichaka huusonga. Upepo ukizidi, nao hufukia mche au kuuacha mzizi wazi. Ndiyo maana sioni busara ya kupanda nyasi kila mahali ili tuta lisisogee, kisha tukauita huo uhifadhi wa mbaruti.

Huko Illinois, ambako ulikuwa umetoweka, ulianza kurudishwa mwaka 1991 katika Illinois Beach State Park kwa kupanda miche iliyokuzwa kwenye vitalu. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila mche wa kitaluni huwa umeshavushwa hatua iliyo ngumu kuliko zote. Ningependa ripoti za miradi ya aina hii zianze na takwimu nyingine: miche iliyoota yenyewe ambayo ilikuwa hai Juni na bado ilikuwa hai Septemba, bila mtu kuimwagilia maji.