Mzee wa gari la punda, Jambiani

Baba yangu amefariki. Rambirambi nilizopokea huku Exeter, Uingereza, zimemtaja kuwa mcha Mungu na mlezi wa watoto, na ni kweli tupu, lakini hakuna aliyemtaja punda. Mimi siwezi kumkumbuka Baba bila punda wake, ndiyo maana naandika.

Jambiani, kijijini kwetu pwani ya Unguja, ni uwanda, jiwe juu ya jiwe, na kila kilichojengwa pale kuna mtu aliyekibeba. Baba alibeba mawe, chokaa, mchanga na kuni. Alibeba makumbi ya nazi ya kinamama wanaosokota kamba za usumba, yakifukuliwa mchangani baada ya miezi, yamelowa na yananuka. Halafu ukaja mwani. Ulipoanza kulimwa kwa biashara Paje na Jambiani mwaka 1989, kazi yake ikahamia pwani. Bamvua likifika maji hukupwa mbali, na wakulima, wengi wao wanawake, wana saa chache tu kabla bahari haijarudi. Mwani mbichi ni mzito, ukiubeba kichwani unakuvunja shingo. Baba alishuka na gari mpaka mchanga unapoanza kuwa laini, akawangoja hapo, akapakia mapolo yao. Ratiba ya nyumba yetu ilifuata mwezi: bamvua Baba hayupo, maji mafu Baba yupo uani anafunga upya mbao za gari na kuziba pancha za matairi.

Nataka nieleze alivyomfunga punda, maana hapo ndipo ujuzi wake ulipokuwa. Kwanza punda anakula pumba na kunywa maji, Baba mwenyewe hajaonja hata chai. Kisha anapitisha kiganja shingoni, mabegani, mgongoni pale mkanda unapokaa, taratibu, kinyume na malaika ya ngozi, anatafuta joto au unyevu. Akikuta pamechubuka, siku hiyo gari halitoki. Anapaosha kwa maji ya chumvi, anapafunika kwa kitambaa safi inzi wasitue, halafu anakwenda kwa mwenye mzigo kumwomba radhi. Tulipoteza pesa namna hiyo, na zipo siku tulilala na uji mtupu kwa sababu hiyo. Watu husema punda afe mzigo ufike. Baba aliuchukia msemo huo. Akisema, "Anayesema hivyo hajawahi kufuga punda."

Sisi watoto alitulea kwa kiganja kile kile. Akirudi magharibi, chumvi imemkaukia miguuni, boflo kwapani, alitupitia mmoja mmoja kutugusa paji la uso kabla hajaenda kuoga. Mama alipopata uchungu wa mdogo wangu wa mwisho, usiku, hakukuwa na gari la kukodi. Baba akatandika godoro juu ya gari la punda, akampeleka hospitali ya Makunduchi. Yeye mwenyewe hakupanda. Alikwenda kwa miguu ubavuni mwa punda njia nzima. Mama husimulia kwamba Baba alikuwa akisema maneno ya kutuliza, pole, taratibu, tunafika, na mpaka leo hajui alikuwa akiambiwa yeye au punda. Dada yangu alipofaulu kuendelea na skuli, kwa ajili yake aliuzwa mtoto wa punda aliyekuwa ndiyo kwanza anafundishwa mzigo. Nami nauli yangu ya kuja Uingereza ina jasho la gari lile ndani yake.

Huku Devon, karibu na Sidmouth, kuna hifadhi kubwa ya punda, The Donkey Sanctuary, iliyoanzishwa mwaka 1969 na Elisabeth Svendsen. Nilikwenda siku ya mapumziko, nikampigia Baba simu ya video nikiwa kwenye uzio.

"Shikamoo Baba. Tazama."

"Marahaba mwanangu. Hao wanabeba nini?"

"Hawabebi kitu. Wamepumzishwa."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Hebu nionyeshe kwato."

Nikainama na simu. Alizitazama kwa muda mrefu, akaniambia nisogee kwa wa pili, na wa tatu.

"Zimekatwa vizuri. Huyo anayezikata anajua kazi. Mpe salamu zangu."

Nilimwendea kijana mmoja aliyevaa sare ya pale, nikamfikishia salamu za baba yangu kutoka Jambiani. Alifurahi sana, akampungia mkono Baba kwenye simu, na Baba akampungia.

Alifariki alfajiri, akazikwa baada ya adhuhuri, na mimi bado natafuta tiketi. Wengi tulioko mbali tunayajua maumivu haya, sina la kuongeza. Mdogo wangu ananiambia wenye magari ya punda na ya ng'ombe waliacha mizigo siku ile wakaja kubeba jeneza. Mama yumo edani. Punda ni mzee sasa; tumekubaliana hafungwi tena wala hauzwi, na pesa ya pumba nitatuma mimi.

Mliomjua, msomeeni Fatiha. Na kama yupo aliyemlipa Baba kabla, na mzigo wake haukuchukuliwa, amwone mdogo wangu pale nyumbani. Atarudishiwa pesa yake, au mzigo utachukuliwa kwa gari jingine.