Nilivyoingia katika jumuiya ya wafadhili wa chuo changu kwa mshahara wa kawaida

Mwanzoni mwa Machi 2020 nilipokea barua kutoka chuo kikuu nilichosoma hapa Minnesota, Marekani, ikinitaarifu kwamba jina langu limeingizwa katika jumuiya ya wafadhili wa kila mwaka, yaani wahitimu na marafiki wa chuo ambao michango yao ndani ya mwaka mmoja imefikia dola 1,000. Niliisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni na glovu mkononi, kisha nikampigia mama yangu Korogwe. Njia yangu ilirefushwa mno na ushauri mbaya, na nimeona Watanzania wenzangu wakikata tamaa mahali pale pale nilipokwama mimi; ndiyo maana naandika.

Nilikuwa na sababu ya kuchangia. Muhula wangu wa kwanza baridi ilinikuta na sweta mbili za mitumba nilizonunua Tanga, na mama aliyekuwa akiwashughulikia wanafunzi wa kigeni alinipeleka kwenye ofisi ya mfuko wa dharura bila mimi kuomba. Mfuko ule ulininunulia viatu vya theluji na koti la kijani ambalo zipu yake ilikuwa ikikwama kila ilipokaribia shingo, na nikalivaa miaka minne. Nilipouliza fedha zimetoka wapi, niliambiwa zimetoka kwa wahitimu.

Nilipopata kazi ya kudumu katika kampuni ya bima nikaamua kulipa wema ule, na kaka mmoja tuliyesoma naye akanipa ushauri. Aliniambia, "Dada yangu, hiyo jumuiya ni ya matajiri, na ni mbinu mpya tu ya kutukamua sisi wageni, lakini ukitaka, toa, maana yote yatarudi kwenye kodi. Wewe hakikisha umemaliza kabla ya Desemba." Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa sahihi. Mbinu yenyewe si mpya, kwani wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale, hapa hapa Marekani, walianzisha mfuko wao wa kila mwaka tangu 1890. Kuhusu kodi, kuanzia mwaka 2018 kiasi ambacho kila mlipakodi asiye na mwenzi aliruhusiwa kuondoa kwenye mapato yake bila kuorodhesha chochote kilipandishwa hadi dola 12,000, na mtu huchagua ama kiasi hicho ama orodha yake, si vyote viwili; kwa hiyo wakati ule mtu wa kipato changu, asiye na mkopo wa nyumba, hakupata nafuu yoyote ya kodi ya serikali kuu kwa kuorodhesha mchango wa dola 1,000. Anayetoa kwa kutegemea kurudishiwa zote ajipange upya.

Lakini kosa lililoniumiza zaidi ni lile la Desemba. Nilianza Januari 2019, nikapeleka dola 100 kila mwezi bila kuruka hata mmoja, na kila nilipopeleka niliandika kwenye daftari lile lile ninaloandikia michango ya harusi za nyumbani. Oktoba nikatimiza 1,000, nikaanza kungojea barua, na barua haikuja. Mwezi Desemba nikapiga simu ofisi ya michango, na binti aliyepokea akanisomea hesabu yangu kwa upole: mwaka wa fedha wa chuo huanza Julai mosi na kuisha Juni 30, hivyo dola 600 zangu zilikuwa za mwaka uliokwisha na dola 400 za mwaka ulioanza, na hakuna mwaka hata mmoja niliofikisha kiwango. Nilikaa kimya kwa muda. Mimi nimekulia katika nchi ambayo bajeti husomwa Juni na mwaka wa serikali huanza Julai, nami sikuwahi kufikiri kwamba chuo nacho kinaweza kuhesabu hivyo hivyo.

Yule binti hakuishia hapo, Mungu ambariki. Aliniuliza ninafanya kazi wapi, nikamtajia, akaniambia kampuni yangu ni miongoni mwa zile zinazoongezea mchango wa mfanyakazi kwa kiasi kile kile alichotoa. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka mitatu bila kulijua hilo! Jioni ile nilitafuta fomu, nikakuta kwamba kampuni hukubali michango yote ya mwaka wa kalenda ilimradi uwasilishe risiti kabla mwaka haujaisha, nikazikusanya risiti zangu zote kumi tangu Januari. Na hapa ndipo ile miaka miwili tofauti iliyonikwamisha ikageuka kuwa msaada, kwa sababu kampuni ilihesabu Januari hadi Desemba na kuidhinisha dola 1,000 kamili, ilhali chuo kilizihesabu fedha hizo kwa tarehe zilipoingia, nazo ziliingia Februari. Ukijumlisha na 400 zangu za tangu Julai, nilikuwa na 1,400 kabla sijatoa senti nyingine.

Uliza kwanza, kwa maana si kila chuo huhesabu nyongeza ya mwajiri katika kiwango cha mwanachama, na vyuo vingi huweka kiwango cha chini zaidi kwa waliohitimu karibuni. Mimi sasa hukatwa kama dola 42 kwa mwezi kutoka kwenye mshahara, kampuni inaongeza kiasi hicho hicho, na mwaka unatimia. Ni mtindo wa upatu, isipokuwa kijumbe ni mwajiri. Anayepata nafuu ya kodi akumbuke pia kwamba mchango wa dola 250 na kuendelea unahitaji barua ya chuo ya kuukiri, na kwamba ukihudhuria karamu ya wafadhili kwa tiketi, thamani ya chakula haihesabiwi kuwa mchango.

Kuna mstari mmoja kwenye fomu ambao wengi huuacha wazi, nao ni ule wa kutaja fedha ziende wapi. Ukiuacha wazi, chuo kitazitumia kinapoona panahitaji zaidi, na hilo si baya. Mimi huandika mfuko wa dharura wa wanafunzi, kisha kila mwezi Mei hupiga simu nisomewe jumla yangu kabla Juni haijafika.