Beelitz, kabla ya Juni 24

Nilipohamia Berlin, kilichonisumbua sokoni ni kukosa msimu. Nyanya zipo Januari, zipo Julai, ladha ileile ya maji. Mimi nimekulia Unguja; shokishoki zikiingia tunajua kwa maganda mekundu njiani, kabla hata hatujafika sokoni.

Basi jirani yangu, mama mtu mzima wa ghorofa ya chini, aliponigongea mwezi wa tano na kusema Spargel, yaani asparaga, mboga ya machipukizi, zimekolea, twende Beelitz Jumamosi, nilifurahi kama mtoto. Tulipanda treni. Misonobari, misonobari, kisha mashamba ya mchanga.

Beelitz ni mji mdogo wa Brandenburg, kusini mwa Potsdam, na zao hili wanalilima tangu 1861. Matuta yake ukiyaona utadhani ya viazi vitamu, ila marefu zaidi, yamefunikwa plastiki. Spargel ni nyeupe kwa sababu haijaliona jua. Ncha ikichomoza tu, inaanza kubadilika rangi. Kwa hiyo mvunaji hutazama ufa kwenye mchanga, anafukua kwa vidole, anakata chini kabisa kwa kisu kirefu, kisha anafukia na kulainisha tuta kwa mwiko. Moja moja, siku nzima, mgongo umeinama. Wengi hutoka Poland na Romania. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokaa mezani.

Mezani zililetwa zimechemshwa, na viazi na siagi iliyoyeyushwa. Wengine waliongeza nyama ya nguruwe. Mimi siagi ilinitosha. Ni laini kama muhogo mchanga, zina maji yake, na uchungu mdogo unaochelewa kufika. Nilimaliza sahani nikaagiza nyingine.

“Kula, mwisho Juni 24,” mama alinihimiza. Siku hiyo, sikukuu ya Yohana Mbatizaji, wanaacha kukata. Machipukizi yanayobaki huachwa yakue yawe majani, mizizi ipate nguvu ya mwaka ujao. Niliipenda sana nidhamu hiyo.

Nilinunua kilo mbili. Usiku alinifundisha kumenya, kuanzia chini ya ncha kushuka, na maganda akanikataza kutupa: tuliyachemsha yakawa supu. Tukiwa tunangoja sufuria, alihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Zilibaki Jumamosi tano.