Joto la Muscat si la Tanga

Sisi watu wa Tanga tulidhani joto tunalijua. Tumetua Muscat mwezi wa sita, mlango wa ndege kufunguliwa tu, mwanangu akauliza, "Mama, nani kawasha oveni?"

Lakini lililonishinda ni bafuni. Unafungua bomba la maji baridi, yanatoka ya kuchemshia chai! Tangi liko juu ya paa, linapikwa na jua kutwa. Siku ya tatu nikamwendea jirani, bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Shikamoo hata haijaisha, keshaanza kucheka: "Mwanangu, zima hita ya maji. Yenyewe iko ndani, jua haliifikii. Maji yaliyomo humo ndiyo baridi yako." Kweli bwana! Sasa bomba la moto ndilo la baridi, na baba watoto bado anasahau. Tunamsikia tu akipiga yowe.

Watoto wanacheza nje baada ya Isha. Mchana hata mafundi ujenzi hawaruhusiwi kufanya kazi juani, saa 6:30 hadi 9:30, Juni mpaka Agosti. Nguo nazo, hujamaliza kuanika, ya kwanza imekauka.

Jana bibi kaniletea mbaazi za nazi na mahamri. Nimekula, machozi yakanilenga.