Kipima oksijeni cha kidoleni na ngozi yetu

Wauguzi wenzangu wa Kanda ya Ziwa, kile kifaa tunachobana kwenye kidole cha mgonjwa kisitufumbe macho. Namba zake zilipangwa kwa kujaribiwa zaidi kwa watu weupe, na wagonjwa wetu sisi karibu wote ni weusi.

Niliposikia habari hii mara ya kwanza nilimkumbuka mama mmoja wa makamo aliyeletwa kwetu Sengerema kutoka Kisiwa cha Kome, anakohoa, homa juu. Kifaa kilisoma oksijeni ya damu asilimia 93. Kijana wa mafunzo akaniambia, "Sista, huyu hana shida." Lakini mama alikuwa anatoa maneno mawili, anapumzika, mengine mawili. Mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Nikamwomba atoe ulimi: ulikuwa wa kijivu. Tukamwekea oksijeni na kuita gari la wagonjwa. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, hivyo tulisubiri kivuko Busisi na mtungi pembeni, mwanawe ananiuliza kila dakika kama mama atafika. Alifika. Hospitali ya rufaa walipochukua damu ya ateri, yaani ya mshipa unaotoa damu moyoni, oksijeni ilikuwa asilimia 85.

Kifaa hupitisha mianga miwili kwenye kidole, mwekundu na mwingine tusiouona kwa macho, kisha hukadiria oksijeni kwa jinsi damu inavyonyonya mianga hiyo. Weusi wa ngozi nao hunyonya mwanga, na kifaa kisichozingatia hilo huweza kumpa mgonjwa namba nzuri kuliko hali yake. Mwongozo wa Marekani wa vifaa hivi wa mwaka 2013 uliridhika na watu 10 wa kujaribia, wenye ngozi nyeusi wakiwa angalau wawili au asilimia 15, idadi yoyote iliyo kubwa.

Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa hesabu zao. Pale kifaa kiliposoma kati ya 92 na 96, damu ya ateri ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi; kwa weupe ni 3.6. Huo ulikuwa wakati wa korona, na namba hiyohiyo ndiyo iliyoamua nani alazwe na nani arudi nyumbani. Linanikera mpaka leo. Watu walikosa hewa huku mashine ikisema wanayo.

Huku kwetu kuna jambo jingine la kuangalia: mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria anaweza kusoma 98, kwa sababu kifaa hupima asilimia, hakipimi wingi wa damu. Piko nyeusi kwenye kucha huvuruga, na vidole vya mvuvi aliyetoka ziwani na baridi vilevile.

Wanaonunua vifaa vya halmashauri, muulizeni muuzaji kifaa chake kilijaribiwa kwa watu wa ngozi gani, na wangapi, akupeni kwa maandishi. Januari 2025 Marekani walitoa rasimu ya mwongozo mpya unaotaka majaribio kwa rangi nyingi zaidi za ngozi, ila vya zamani ndivyo vimejaa kwenye droo zetu, na tutaendelea kuvitumia kwa sababu kukosa kabisa ni hatari zaidi. Basi kwenye faili, pembeni ya ile namba, andikeni pumzi zilizohesabiwa dakika nzima, na rangi ya ulimi.