Maji yakikatika uchumi unakua

Huku Tabata mabomba yakikauka tunanunua maji kwa madumu kwa jirani mwenye simtanki, yeye kanunua kwa boza, na boza nalo linakunywa dizeli. Kwa macho ya pato la taifa, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa nchini kwa mwaka, hapo mambo safi kabisa, kila mmoja kaongeza chake juu na nyongeza zote zinahesabiwa! Maji yangetoka bombani hata nusu ya hiyo hela nisingetoa, na uchumi ungeonekana mdogo.

Ndo maana zile kelele za kijiweni kuhusu uchumi wa kati mi huwa zinanipita. Benki ya Dunia ilitupandisha Julai 2020 kwa kuangalia wastani wa kipato, dola 1,080 kwa mtu kwa mwaka. Wastani bwana, chukua bosi mmoja wa Masaki na mama ntilie watatu wa Tandale, jumlisha gawanya, kwenye karatasi wote wana nafuu.

Na sio wivu wa maskini huu. Simon Kuznets, mchumi mmoja wa walioasisi hesabu hizi za pato la taifa kule Marekani, alishaliambia bunge lao mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa huwezi kuujua kwa kupima kipato. Wakachukua hesabu, onyo wakaliacha.

Mpaka 1990 ndo mchumi Mahbub ul Haq wa Pakistani, akisaidiwa na rafiki yake mchumi Amartya Sen, akaleta kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kile kipimo cha maendeleo ya watu, yaani mnaishi miaka mingapi, mnasoma miaka mingapi, halafu ndo kipato, tena kipato chenyewe kimepunguzwa makali, dola mia ya maskini ina uzito kuliko dola mia ya tajiri. Mi nayapenda zaidi yale marekebisho ya 2010: mwanzo walikuwa wanajumlisha, hela nyingi zinafunika afya mbovu, sasa wanazidisha kwahiyo ukifeli kimoja kinakuvuta chini na vingine vyote. Waulize Guinea ya Ikweta, mafuta wanayo ila kwenye orodha hiyo wako chini mno kwa hela zao.

Bado kuna kitu hakionekani humo, muda. Mtu wa Chanika anaamka saa kumi alfajiri awahi gari la Kariakoo, anarudi watoto washalala, kipimo gani kinamwona huyo? Bhutan, kanchi kadogo ka milimani kule Asia, kwenye dodoso lao la furaha wanauliza mpaka unalala masaa mangapi. Wakija kuuliza hapa Dar waanzie stendi ya Gongo la Mboto asubuhi, ila wajipange, watu watajibu huku wanagombania dirisha.